Sinema Isiyo na Picha

Jumapili alasiri, umeme urudipo katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, redio za majirani huanza kusema zote kwa mara moja. Lakini katika nyumba moja ya mtaa huo husikika sauti ya namna nyingine: saksafoni inayokwenda polepole, piano nyuma yake, na ngoma inayopigwa kwa brashi mfano wa mtu anayefagia ua alfajiri akiogopa kuwaamsha watoto. Mwimbaji hakuna. Mwenye nyumba, mzee aliyekuwa fundi redio, huketi karibu na mashine yake, macho ameyafumba. Mkewe huwa kizingitini na ungo wa ndagala, akitoa mchanga na vijiwe, na kwa muda mrefu hakuupenda muziki huo hata kidogo.

"Baba watoto," alizoea kuuliza, "hawa watu wako hawana maneno?"

Swali hilo si la kijinga. Kwa watu wengi wimbo ni maneno kwanza, ala ni mbeleko tu ya kuyabebea. Hata inanga ya Burundi, ambayo nyuzi zake zina sauti ya chini mno, mpigaji huisindikiza kwa maneno ya kunong'ona. Neno jazi nalo laweza kumpoteza msikilizaji wa Afrika ya Mashariki. Zamani lilibandikwa kwenye majina ya bendi za dansi, kama Western Jazz na Morogoro Jazz, ambazo rumba ndiyo iliyokuwa chakula chao cha kila siku, na waimbaji wao walikuwa na mengi ya kusema.

Sidii hiyo mzee aliletewa na mwanawe anayeishi Brussels. Inaitwa Movie Themes from France, nayo ilitolewa mwaka 1990. Ndani yake mpiga saksafoni Mfaransa, Barney Wilen, pamoja na Mmarekani Mal Waldron, ambaye ndiye aliyempigia piano Billie Holiday katika miaka ya mwisho ya maisha yake, wameuchukua muziki wa sinema za zamani za Kifaransa wakaupiga upya kwa taratibu zao. Picha zimebaki huko zilikobaki. Kilichosalia ni sauti tupu.

Wilen hakuwa mgeni wa kazi ya namna hiyo. Usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Desemba 1957, akiwa kijana wa miaka 20, aliingia studio mjini Paris pamoja na mpiga tarumbeta mashuhuri wa Marekani, Miles Davis. Mwongozaji Louis Malle, ambaye naye alikuwa na miaka 25 tu, alihitaji muziki wa sinema yake ya Ascenseur pour l'échafaud, yaani lifti iendayo kwenye jukwaa la kunyongea. Hapakuwa na karatasi nyingi za noti. Davis alikuwa ametayarisha mambo machache, basi. Vipande vya sinema vikaonyeshwa tena na tena, na wale watu watano wakapiga huku wakitazama: Davis na Wilen, René Urtreger kwenye piano, Pierre Michelot kwenye besi, na Kenny Clarke kwenye ngoma. Kulipokucha kazi ilikuwa imekwisha, na ikawa mojawapo ya kazi zinazotajwa hadi leo kila yanapozungumzwa mambo ya muziki wa sinema.

Baadaye Wilen alisafiri katika Afrika, akarudi Paris na kutoa mwaka 1972 santuri iliyoitwa Moshi. (Msomaji asitafute Kiswahili wala Kilimanjaro katika jina hilo, safari ile haikuwa ya huku.) Alifariki mwaka 1996.

Sinema yenyewe mzee aliiona ujanani, katika ukumbi mmoja wa katikati ya mji wa Bujumbura. Hadithi yake ni ya aibu. Mwanamke aitwaye Florence anapatana na mpenzi wake amwue mumewe. Mwanamume anaua, kisha anakumbuka kwamba amesahau kamba nje ya jengo. Anarudi kuichukua, anaingia kwenye lifti, na papo hapo mlinzi anakata umeme na kwenda zake. Watu wa Bujumbura, kwa jinsi wanavyoujua umeme, walicheka kwa sauti pale ambapo pengine Wafaransa hawakucheka. Lakini ilipofika zamu ya Florence ukumbi ulinyamaza. Mwanamke huyo, aliyeigizwa na Jeanne Moreau, anatembea usiku kucha katika barabara za Paris akimtafuta mtu asiyetokea. Ameiona gari yake ikipita na msichana ndani, akaamini kwamba amemkimbia. Kumbe gari imeibwa na vijana. Uso wake unamulikwa na taa za maduka tu. Hasemi mengi. Tarumbeta ndiyo inayosema.

Muziki huo wa Davis mzee aliurekodi zamani kwenye kaseti, na ndio hasa mkewe aliouchukia. Kila ulipoanza, yeye aliondoka kizingitini akaenda jikoni. Mzee alidhani ni suala la maneno. Wanaume wengi hutosheka na sababu ya kwanza wanayoiona.

Alasiri moja, baada ya sidii ya mwanawe kwisha, mzee aliiweka ile kaseti, na safari hii mkewe hakuondoka. Aliuliza: "Huyu anayetembea, anamtafuta nani?"

Mzee alishangaa, kwa maana hakuwa amewahi kumsimulia ile sinema. Akamsimulia sasa, tangu kamba hadi lifti, hadi yule mwanamke barabarani. Mama alisikiliza, vidole vikiendelea na ndagala.

"Basi mimi sinema hiyo naijua," akasema. "Ila mimi sikuwa na barabara ya kutembelea. Nilitembea hapa barazani."

Usiku anaousema ulikuwa mmoja wa mwaka 1994, wakati wa vita iliyoanza mwaka 1993. Palikuwa na amri ya kutotoka nje usiku. Fundi alikuwa kazini upande wa pili wa mji, barabara zikafungwa kabla hajaondoka, na simu nyumbani haikuwapo. Alirudi asubuhi, akamkuta mkewe mlangoni, kanga imelowa umande. Alisema, "Barabara ilifungwa." Mkewe akajibu, "Chai ipo." Hapo mazungumzo yakaisha, na yamekaa hivyo kwa miaka zaidi ya 30, katika nyumba ambamo watoto sita wamelelewa na bei ya mchele hujadiliwa kila siku.

"Usiku ule nilikwisha kukuzika," mama akasema. "Nilipanga hata nani aitwe."

Mzee hakuwa na jibu. Aliitoa kaseti akairudisha sidii, labda kwa kutafuta kazi ya mikono. Saksafoni ya Wilen ikaanza tena, nzito na yenye pumzi, saksafoni ya mtu wa miaka 50 na zaidi.

Mama aliinamisha kichwa kidogo. "Yule wa kwanza anatafuta," akasema. "Huyu anajua anakokwenda." Hakujua kwamba katika kaseti na katika sidii, mpiga saksafoni ni yule yule mmoja.

Mzee alikuwa karibu kumweleza umeme ulipokatika. Saksafoni ikanyamaza katikati ya pumzi, na redio za majirani nazo zikazimika moja kwa moja. Mama aliuweka ungo chini, akageuka kumkabili.

"Haya, Baba watoto. Usiku ule ulilala wapi?"

Mzee akavuta kiti karibu na kizingiti, akaanza na saa kumi jioni, alipokuwa bado anafunga skrubu za redio ya mteja.