Leso Juu ya Dirisha

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hutumiwa kumsuta mtu au kitu chenye sura ya kupendeza ilhali undani wake hauna thamani. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Kenya kipo kipande cha mti kinachotualika tuitazame methali hiyo upya. Nacho ni ule ubao ulio juu ya dirisha, unaoficha reli ya pazia, ambao mafundi huuita pelmeti.

Mwalimu mmoja wa shule ya upili alikuwa na ubao wa aina hii sebuleni mwake. Vanishi ilikuwa imebambuka, mchwa wametafuna pembe moja, na fundi alimshauri autupe. Yeye aliamua kuuvika nguo. Vitambaa vya mapambo vilimshinda bei, lakini sandukuni mlikuwa na doti ya leso aliyoiacha marehemu mama yake, yenye jina: Mchumia juani, hulia kivulini. Mama huyo alichuuza mboga sokoni miaka mingi ili wanawe wasome. Jina la leso hiyo lilikuwa, kwa hakika, wasifu wake.

Hapo ndipo ulipozuka mvutano. Dada yake mkubwa alishikilia kwamba leso ya marehemu haikatwi wala haipigiliwi misumari, hukunjwa ikahifadhiwa. Mwalimu naye aliona kwamba nguo iliyofungiwa sandukuni huishia kuwa chakula cha mende, na kwamba jina la leso liliandikwa ili lisomwe. Kila mmoja alikuwa akimtetea mama yuleyule.

Suluhisho lilitoka katika vipimo. Leso ilikuwa na urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110. Uso wa ubao ulikuwa na urefu wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 20, na kila ubavu ulirudi ukutani kwa sentimita 10. Uso na mbavu mbili zikawa sentimita 140, zikasalia sentimita 5 kila upande za kukunjia nyuma. Ama upana, leso ilikunjwa tabaka nne za sentimita 27 na nusu, zikatosha kufunika uso na kuzunguka kingo za juu na chini. Tabaka za ndani zikachukua nafasi ya sponji ambayo mafundi huitandika chini ya kitambaa. Pindo na jina vikabaki nje. Hakuna kilichokatwa.

Kabla ya hayo yote, ubao uliteremshwa, ukakwanguliwa, ukatiwa dawa ya mchwa, na pembe iliyoliwa ikazibwa kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi. Kisha, badala ya misumari, mwalimu alipitisha uzi mzito nyuma ya ubao, toka ukingo hadi ukingo, akiuvuta kama awambaye kitanda cha kamba. Alianzia katikati akaelekea pembeni, ili maandishi yasipinde. Dada aliyekuja kupinga ndiye aliyeishia kuushika ubao uzi ulipokuwa ukikazwa. Leso ya pili ya doti ile akaichukua yeye.

Mwanafunzi wa lugha hatakosa kuona jambo jingine hapa. Neno dirisha lina asili ya Kiajemi, leso ya Kireno, na pelmeti ya Kiingereza. Kiswahili hakikuyatupa maneno hayo kwa ugeni wake, wala hakikuyaacha yalivyokuja. Kiliyachonga kwanza yalingane na silabi zake, ndipo kikayavika ngeli na kuyaweka mahali pa kuonekana. Kazi ya lugha na kazi ya mwalimu yule hazitofautiani sana.

Basi kosa la mkakasi si kwamba umefunikwa. Kosa ni kufunika kibovu bila kukitengeneza, au kuharibu kilicho bora ili kupata kifuniko. Ubao huu uliponywa kwanza ndipo ukavikwa, na nguo yake haikuumizwa. Siku uzi utakapokatwa, leso itafuliwa, itakunjuliwa, na itaweza kuvaliwa tena.