Wao walizozana kwanza, sisi tulinunua kwanza

Mimi ni mhasibu na mume wangu ni mtu wa gemu. Ndoa yetu ina miaka miwili. Jioni aliyorudi amekumbatia boksi la Xbox sikumuuliza bei. Nilifungua daftari letu la matumizi, nikakuta hela tuliyokuwa tunachanga kwa ajili ya kodi ya miezi sita imemegwa. Hapo moto ukawaka.

"Mke wangu, huu ni uwekezaji. Hata Microsoft walikubali hasara kwanza."

Nilicheka kwa hasira. Yeye akaanza kunipa historia, na kwa kweli ilikuwa tamu.

Anasema Microsoft hawakutengeneza Xbox kwa kupenda gemu, ila kwa woga. Sony walikuwa wanaleta PlayStation 2, mashine ya kukaa chini ya TV inayocheza gemu na DVD. Je, kesho ikianza kufanya kazi za kompyuta, nani atahitaji Windows? Ofisini Microsoft walitawala. Sebuleni hawakuwa hata na kigoda. Kikao cha kuamua kilifanyika tarehe 14 Februari 2000, siku ya wapendanao! Bill Gates alianza kwa kufoka, watu wakazozana kwa saa kadhaa, mpaka mmoja alipowakumbusha habari ya Sony. Ndipo wakakubaliana. (Mimi niliwaza wake zao waliokuwa wanasubiri kutolewa out.)

Novemba 2001 Xbox ikaingia madukani Marekani kwa dola 299, chini ya gharama ya kuitengeneza. Ndani ya miaka minne hasara ilikadiriwa kufika dola bilioni 4. Ningekuwa mhasibu wao ningeacha kazi! Lakini mahesabu yao yalikuwa kwingine: kila gemu inayouzwa inawaletea mgao, na Xbox Live, iliyoanza 2002, watu walikuwa wanailipia. Boksi lilikuwa mlango tu wa kuingilia sebuleni.

Nikamwambia, sawa, ila Microsoft walikuwa na hela ya Windows na Office ya kuzibia pengo. Sisi tuna mishahara miwili na mwenye nyumba asiyejua utani. Halafu, mwaka 2023 si ndiyo walinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69? Na tangu 2024 wanapeleka baadhi ya gemu zao hata kwenye PlayStation, kwa yule yule waliyemwogopa. Kama wenyewe wameona boksi si lazima, wewe ulilazimishwa na nani? Laptop unayo!

Akakaa kimya. Na mimi nikagundua kilichokuwa kinaniuma hasa. Hela ilikuwa sehemu ndogo. Wale jamaa, pamoja na mabilioni yao, walikaa mezani wakafokeana kabla ya kutoa hata senti. Mwenzangu alimaliza kila kitu peke yake, kisha akaja kunionyesha.

Nilimwambia hivyo hivyo. Alichukua muda mrefu kujibu, akasema, "Niliogopa ungekataa." Ningekataa, ndiyo.

Kodi tulilipa kwa mkopo wa kikoba changu. Anarejesha kila mwisho wa mwezi, bado marejesho mawili. Jumamosi ananipa pedi ya pili, tunacheza mpira. Wiki iliyopita nilimfunga tatu bila, akadai pedi yake ni mbovu.