Chemchem ya Tabora: Fedha hupita kama msafara

Chemchem ni mahali maji yanapobubujika. Katika Manispaa ya Tabora ni jina la kata, na siku ya mechi kinachobubujika mitaani ni ubishi. Jezi za kijani na njano za Yanga hukaa benchi moja na nyekundu za Simba, kahawa inamiminwa kwenye vikombe vidogo, na kila mmoja anajua mchezaji gani kasajiliwa na kwa dau gani. Timu zinazobishaniwa zina makao Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Lakini hesabu ya kununua watu na kuwapanga kikosini si ngeni katika mji huu.

Karne ya 19, Tabora, wakati huo kitovu cha Unyanyembe, ilikuwa njiapanda ya misafara. Njia moja ilikwenda Ujiji na Kongo, nyingine ikapanda kaskazini hadi Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani, vitambaa, shanga na bunduki vikapanda bara, na watumwa wakaswagwa njia hiyohiyo. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliolipwa kwa vitambaa na shanga. Msafara ukifika Unyanyembe, wapagazi wengi walimaliza mkataba wao hapo, na mwenye mali akatafuta wengine wa kuendelea na safari. Kwa lugha ya leo, dirisha la usajili lilikuwa limefunguliwa. Mwenye vitambaa vingi alichagua wenye mabega imara. Mwenye vichache alisubiri.

Ligi Kuu Tanzania Bara nayo inakwenda hivyo. Klabu ya mwisho kutoka nje ya Dar es Salaam kutwaa ubingwa ni Mtibwa Sugar ya Morogoro, mwaka 1999 na 2000. Tangu hapo kombe limezunguka kwa Yanga, Simba na, mara moja tu, Azam, msimu wa 2013/14. Msimu huohuo Rhino Rangers ya Tabora ilipanda Ligi Kuu na kushuka.

Sababu kubwa ni mfuko. Azam ina nyuma yake familia ya Bakhresa. Yanga inabebwa na GSM. Simba ilimpata Mohamed Dewji, aliyeahidi Sh20 bilioni kwa asilimia 49 ya hisa. Simba ikabeba ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, kisha Yanga ikajibu kwa minne yake hadi 2024/25. Mkataba wa haki za televisheni uliosainiwa mwaka 2021, wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, umezipa klabu ndogo pumzi, lakini pumzi si mbio. Wakubwa husajili kutoka Kongo, Ivory Coast, Zambia au Burkina Faso; wadogo huomba nauli ya kwenda ugenini.

Tabora iliyaona hayo Agosti 2023. Timu yake iliyopanda kwa jina la Kitayosce ilifika Chamazi kucheza na Azam ikiwa na wachezaji wanane tu, kwa sababu usajili wa wengine ulikuwa umekwama. Sheria za soka haziruhusu mchezo kuendelea timu ikibaki na wachezaji chini ya saba. Walipoumia wawili mapema tu, mwamuzi akamaliza mechi, Azam ikiongoza mabao 4-0. Anayejua mwili wa mwanadamu hawezi kuicheka siku ile: watu wanane kukimbia eneo la watu 11 ni kuita majeraha kwa jina.

Klabu ikawa Tabora United, Nyuki wa Tabora, jina lililoufaa mkoa wa asali. Msimu huo ilinusurika kushuka kwa mechi za mchujo. Kisha, Novemba 7, 2024, Nyuki hao wakarudi Chamazi na kuing'ata Yanga 3-1. Offen Chikola alifunga mawili. Siku chache baadaye kocha wa Yanga, Miguel Gamondi, alikuwa hana kazi.

Lakini msimu ulipoisha, Yanga ndiyo iliyokuwa bingwa kwa pointi 82, nne mbele ya Simba. Na dirisha lilipofunguliwa, Chikola alivaa jezi ya Yanga. Hakuna wa kulaumiwa: kijana alipata maslahi na klabu ikapata mshambuliaji. Ila ndivyo pengo linavyozidi kupanuka. Mwenye fedha akiumizwa na mdogo, hamwigi, humnunua aliyemuumiza.

Msimu wa 2025/26 ulipoanza, hata jina lilikuwa limebadilika. Klabu ilikuwa imechukuliwa na Mamlaka ya Mapato na kuitwa TRA United. Mishahara ya uhakika ni jambo jema kwa timu iliyowahi kuingia uwanjani pungufu. Hata hivyo, mtoto wa Chemchem anayesoma msimamo wa ligi haoni tena neno Tabora.

Mtemi Mirambo wa Urambo, magharibi mwa Tabora, naye aliijua nguvu ya kikosi cha kukusanya. Aliwachukua vijana kutoka kila upande, rugaruga wenye bunduki waliofuata nyara, na kuanzia 1871 aliwafungia njia wafanyabiashara wa Unyanyembe. Alipofariki mwaka 1884, dola yake haikuchukua muda kusambaratika. Waliokusanywa na mkono mmoja walitawanyika mkono huo ulipolegea. Klabu inayotegemea mfuko wa mtu au taasisi moja ina la kujifunza hapo.

Wazazi nao wana lao. Kijana anapotazama mbio za ubingwa, huona mabilioni na kudhani yamo kwenye mkeka. Michezo ya kubahatisha ni marufuku kwa walio chini ya miaka 18, lakini simu ya baba haijui umri wa aliyeishika. Mkeka ukichanika, iliyopotea ni hela ya unga. Mwenye kipaji anahitaji vitu vya bei ndogo zaidi: mlo kamili, maji ya kutosha, usingizi, viatu vinavyomtosha, na wiki za kupumzika anapoumia goti badala ya kukandwa na kurudishwa uwanjani kesho yake. Shule pia, maana miguu ina mwisho.

Misafara ilipita Tabora na mali za watu wengine. Iliyobaki ni miembe ambayo wazee husema ilitokana na kokwa zilizotupwa na wapita njia, na mpaka leo watoto hucheza chini ya kivuli chake. Mpira wao mara nyingi ni wa matambara, na hapo ndipo usajili wa bei nafuu kuliko wote unapoanzia.