Kompyuta Moja, Bandari Mbili

Katika mji wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, ambako riziki imenifikisha, kuchagua mfumo endeshi wa kompyuta ni jambo la hiari na la ladha. Mtu aliyechoshwa na Windows huketi nyumbani kwake jioni, akapakua Fedora leo, openSUSE kesho na Arch wiki ijayo, zote zikiwa aina za mfumo huria wa Linux, akalinganisha sura na wepesi wa kila mmoja kwa utulivu, kwa kuwa intaneti yake hulipiwa kwa mwezi bila ya kupimwa, na gigabaiti tatu zikishuka usiku hana habari nazo. Hata serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein, ambalo Kiel ndio mji wake mkuu, ilipokata shauri mwezi wa Aprili 2024 kuzihamisha kompyuta zake zipatazo 30,000 kutoka Microsoft Office kwenda LibreOffice, programu huria ya ofisi, na kisha kutoka Windows kwenda Linux, hoja iliyotangulizwa haikuwa gharama peke yake, bali mamlaka: kwamba dola haistahili kuziweka nyaraka za raia wake chini ya dhamana ya kampuni ya ng'ambo ambayo haiwezi kuiamuru. Hoja hiyo naiunga mkono kwa dhati.

Amma nyumbani Tanga, ambako dada yangu anasomesha sekondari, suala hilohilo huingia kwa mlango mwingine. Kompyuta aghalabu ni mtumba uliotoka katika ofisi za Ulaya au Dubai, na mwenye kuichagulia mfumo si mwenye mali, ni fundi. Huuliza swali moja tu, "Mwalimu, nikupigie window kumi au kumi na moja?", na kabla jibu halijakamilika flashi imeshachomekwa, nakala isiyo na leseni imeshaanza kuingia, na nyuma yake inafuata Office iliyovunjwa kufuli. Fundi simlaumu, maana anauza anachoombwa, na kazi yake anaijua. Lakini taksiri ya nakala hizo humrudia mwalimu: flashi moja yenye kirusi, ikitoka stesheneri ya kuchapia mitihani na kuzunguka chumba cha walimu, huyaficha mafolda ya kila mashine inayoigusa na kuacha mahali pake njia za mkato za uongo, na kila anayezibonyeza hukieneza kirusi kilekile. Kirusi hicho kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Juu ya Linux hakina la kufanya.

Basi ikiwa Kiel mfumo hupimwa kwa ladha na kwa siasa, nyumbani naona haki yake ni kupimwa kwa bando na kwa fundi, na kwa mizani hiyo chaguo langu ni Debian, nayo ni aina ya Linux, katika toleo lake thabiti, pamoja na mazingira mepesi ya Xfce. Mradi huu ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 haumilikiwi na kampuni yoyote. Huendeshwa na watu wa kujitolea, chini ya Mkataba wa Kijamii walioupitisha mwaka 1997, na mwendo wake ni wa taratibu. Toleo jipya hutoka baada ya takriban miaka miwili, hutunzwa kwa takriban miaka mitano, na katika muda huo yanayoletwa aghalabu ni marekebisho ya usalama na ya makosa mazito. Fedora hutoa toleo kila baada ya miezi sita hivi. Arch haina matoleo kabisa, hutiririka tu mwaka mzima. Ubuntu, ambayo naistahi kwa kuwa iliasisiwa mwaka 2004 na Mwafrika, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa kuwa zamani CD zake zilitumwa bure kwa posta hadi kwetu, siku hizi huileta Firefox ndani ya kifurushi cha snap, ambacho hujisasisha chenyewe bila ya kungoja idhini. Na kwa mtu anayenunua bando la wiki, sasisho lisiloomba idhini ni fedha iliyochukuliwa mfukoni mwake.

Fauka ya hayo, Debian hukubali kusafiri. Picha ya DVD yake ya kwanza, yenye takriban gigabaiti 4, niliiweka kwenye flashi nikiwa Kiel, nikaisakinisha mezani kwa dada yangu, kwenye mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu, bila ya kuwasha data ya simu hata mara moja, huku mwanawe akisoma kwa sauti majina ya vifurushi yaliyokuwa yakipita kwenye kioo. Na kwa kuwa amri ya apt-get huacha nakala ya kila kifurushi ilichokipakua ndani ya folda ya /var/cache/apt/archives, masasisho yaliyolipiwa bando kwenye mashine moja yaweza kubebwa kwa flashi hadi mashine za walimu wengine, mradi zote ziwe na toleo moja.

Uzito haujaisha. Mtihani ulioandikwa kwa LibreOffice, ukifunguliwa kwa Word pale stesheneri, majedwali yake mara nyingine huhama, na dawa ni kuupeleka ukiwa PDF. Ila asidhani mtu kwamba programu huria ni fikra ya Kiel inayopelekwa Tanga kwa mara ya kwanza: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004, na OpenOffice ndiyo iliyoizaa LibreOffice ambayo jimbo hili limeikumbatia miaka 20 baadaye. Naliandika hilo kwa fahari.

Sasa kwa kuwa Microsoft imekwisha kukoma kuihudumia Windows 10, tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliwi na Windows 11, ofisi za huku zinaziuza kwa bei ndogo mashine ambazo bado ni nzima, na wengi wetu tutazinunua na kuzipeleka kwa ndugu. Ombi langu kwa wenzangu ni kwamba Debian isakinishwe hukuhuku, mahali ambapo intaneti haipimwi, pamoja na LibreOffice, VLC ya kuchezea video na programu ya printa. Na flashi mbili zenye DVD ile zifungwe pamoja na mzigo, moja ya mwenye kompyuta, ya pili ya fundi wa mtaani kwake, ambaye afaa kuketishwa na kuonyeshwa kazi yenyewe, na kulipwa kwa muda wake.