Meymand, kijiji ndani ya mwamba

Juma hili twende Iran, jimbo la Kerman, karibu na mji wa Shahr-e Babak. Huko, mwisho wa bonde kavu, kuna Meymand, ambapo watu wanasema Kiajemi. Nyumba zao hazikujengwa: wazee wa zamani walizichimba ndani ya mwamba laini. Hakuna wa kununua bati! Dari ni nyeusi kwa moshi, kama chungu chetu cha bugali. Wakati wa baridi jamaa zinakaa humo. Majira mengine zinafuata mifugo mlimani, kisha zinarudi. Mwaka 2006 walihesabiwa watu 673. Tangu 2015 UNESCO inakitambua kuwa urithi wa dunia. Lakini vijana wengi wamekwenda mjini, mbuzi wamebaki na wazee.