Mwenye Brashi

Mwaka 2016 Uingereza iliwauliza watu: meli yetu mpya ya utafiti wa ncha za dunia tuiiteje? Mimi, kidato cha nne nimemaliza, kazi sina, nikapeleka "Matlai". Nani aliliona! Kura 124,109 zilikwenda kwa jina la mzaha, Boaty McBoatface. Wakubwa wakalikataa, meli wakaiita Sir David Attenborough. Lile la mzaha wakakipa chombo kidogo kinachopiga mbizi bila nahodha. Washkaji walicheka. Mimi niliona jambo: jina hupigiwa kura na wengi, lakini ubavuni huliandika mwenye brashi. Basi riwaya yangu, mchapishaji bado haina, inaitwa Matlai. Brashi hii naishika mwenyewe.