Mshipi wa Babu

Mara ya kwanza kuvua samaki nilikuwa na miaka 31, baharini Kigamboni. Nikanasa changu mdogo, nikamkumbuka babu, ambaye hakuwahi kunifundisha.

Siyo kwamba kwetu Kyerwa hakuna maji. Mto Kagera upo, ng'ambo ni Rwanda. Na mshipi babu alikuwa nao, umeviringishwa kwenye kijiti, umechomekwa darini.

"Babu, twende basi tukavue kambare."

"Mjukuu wangu, mimi na ule mto tulishamalizana."

Mwaka 1994, Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe, mto ulileta miili ya watu waliouawa Rwanda, ikapita kwetu hadi Ziwa Victoria. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Bibi alikuja kunisimulia baadaye: asubuhi moja mshipi wa babu ulikuwa mzito, akadhani amepata kambare mkubwa. Bibi akaishia hapo. Nami, mwandishi wa habari ninayelipwa kuuliza, sikuuliza.

Yule changu nilimrudisha majini. Wenzangu wakacheka: "Sasa umekuja kufanya nini?"

Mshipi wa babu ninao mimi siku hizi. Bado mkavu.